Vijenzi vinne ndani ya seli moja: kupata changamano zima la protini kwa ajili ya kuchunguza umbo lake

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasomea shahada ya uzamivu Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu changamano, yaani kundi la protini zinazoshikamana kuwa kitu kimoja, lenye protini nne zinazofanya kazi ndani ya kiini cha kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Nimezalisha kila kijenzi peke yake katika bakteria E. coli. Kimoja kinayeyuka vizuri, kimoja kinayeyuka nusunusu, na viwili vinaishia chini ya chupa ya sentrifuji kama mashapo meupe. Nilivichanganya vile viwili vinavyoyeyuka baada ya kuvisafisha, lakini havikushikamana. Msimamizi wangu anashauri nihamie seli za wadudu, na gharama zake zinanitisha. Je, nimekosea kuchagua seli mwenyeji, yaani seli ya kuzalishia protini, au kuna jambo jingine?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwa namna ulivyoyaeleza mambo, sidhani kama E. coli ndiye mwenye kosa. Kosa, kwa maoni yangu, ni kuzalisha vijenzi hivi kimoja kimoja na kutegemea kwamba vitakutana baadaye kwenye mrija na kutambuana. Kabla hujanunua hata lita moja ya maji ya kulishia seli za wadudu, ninakushauri uviweke vijenzi vyote vinne, au kwa kuanzia viwili viwili, ndani ya seli moja ya bakteria ili vizalishwe kwa wakati mmoja. Ukishayaona matokeo ya jaribio hilo ndipo utakapokuwa na msingi wa kuamua iwapo kuna haja ya kuhama.

Protini iliyoumbwa kuishi na wenzake huwa na upande mmoja au zaidi unaoyachukia maji, na upande huo ndio unaofunikwa na mwenzake pindi wanaposhikamana. Kijenzi kinapotoka kwenye ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, na kukosa mwenzake karibu, upande huo hubaki wazi, na kwa kuwa seli imejaa nakala nyingine maelfu zilizo katika hali hiyohiyo, nakala hizo hugandana zenyewe kwa zenyewe na kuwa yale mashapo meupe unayoyaona, au hukatwakatwa na vimeng'enya vya seli. Hata ndani ya kimelea chenyewe, kijenzi kilichobaki bila mwenzake kwa kawaida huharibiwa. Figa moja haliinjiki chungu, na hali yako ni ngumu zaidi kidogo, kwa sababu mafiga haya yakiachwa peke yake hayasimami hata kuwa mafiga.

Nina shaka vilevile na kile kijenzi unachosema kinayeyuka nusunusu. Kubaki juu baada ya sentrifuji si ushahidi kwamba protini imejikunja sawasawa, kwani yako magandano madogo yanayoelea vizuri kabisa majini na kumdanganya mtu aliyetazama mrija tu. Pitisha sampuli hiyo kwenye kolamu ya kuchuja kwa ukubwa, mfano Superdex 200. Ikiwa protini ya kilodaltoni 40 inatoka mbele kabisa, mahali zinapotoka molekuli zote zilizo kubwa kupita uwezo wa kolamu, basi hiyo si protini moja moja bali ni bonge la nakala nyingi, na haishangazi kwamba haikumpokea mwenzake ulipowachanganya.

Kuhusu jeni zenyewe, hukusema umezipata wapi. Ikiwa umezinakili moja kwa moja kutoka kwenye kimelea, anza kwa kuagiza jeni mpya zilizoundwa kwa kemia, zikiwa zimeandikwa kwa kodoni (herufi tatu tatu za DNA zinazotaja kila asidi amino) zinazopendwa na mwenyeji utakayemtumia. Jenomu ya P. falciparum ina herufi A na T kwa takriban asilimia 80, jambo linalofanya jeni zake zijae kodoni ambazo E. coli anazitumia kwa nadra, na ribosomu zikikwama katikati hutoa vipande badala ya protini nzima. Jambo la pili ni kwamba protini za kimelea hiki mara nyingi hubeba mikanda mirefu ya asparajini iliyorudiwarudiwa, ambayo haina umbo maalumu na haisaidii lolote katika fuwele wala chini ya hadubini ya elektroni, njia mbili za kuonea umbo la protini. Tabiri umbo la changamano zima kwa AlphaFold, programu ya kompyuta inayotabiri maumbo ya protini, ukiviweka vijenzi vyote vinne katika utabiri mmoja, kisha tazama sehemu zipi zinagusana na sehemu zipi zinaning'inia bila kazi. Usiupokee utabiri huo kama hukumu, hasa kwa protini za Plasmodium zenye ndugu wachache wa kulinganishwa nao. Utumie kama mchoro wa fundi unaokuonyesha pa kukata na pa kuacha. Tengeneza matoleo mawili ya kila jeni, moja zima na jingine lililopunguzwa mikanda hiyo.

Sasa jaribio lenyewe. Plasmidi (duara ndogo za DNA zinazoingizwa kwenye bakteria) za jamii ya Duet zilibuniwa kwa kazi hii hasa: kila moja hubeba jeni mbili, kila jeni ikiwa na promota yake ya T7, yaani swichi ya kuiwashia, hivyo mbili zinatosha kwa vijenzi vyako vinne. Sharti ni kwamba plasmidi zitakazokaa pamoja ziwe na mwanzo wa kunakiliwa wa aina tofauti, la sivyo zitashindana mpaka moja ifukuzwe, na ziwe na kinga dhidi ya viuavijasumu tofauti ili uweze kuzilazimisha zote kubaki. pETDuet yenye kinga ya ampisilini na pACYCDuet yenye kinga ya kloramfenikoli hukaa pamoja bila ugomvi. Ziingize kwenye BL21(DE3), aina ya E. coli iliyoandaliwa kwa promota hizo, kuza bakteria kwa nyuzi 37 mpaka wawe wengi kiasi, wapoze, kisha anzisha uzalishaji kwa IPTG kidogo, kemikali inayoziwasha promota hizo, milimola 0.2 kwa lita inatosha, na uwaache usiku kucha kwenye nyuzi 18. Ninajua kwamba kwa Dar es Salaam kuipata nyuzi 18 si jambo dogo, kwa sababu inkubeta nyingi za kutikisa hupasha tu na hazipozi. Ikiwa yenu ni ya namna hiyo, iweke kwenye chumba chenye kiyoyozi na uridhike na nyuzi 21 au 22. Utapoteza kidogo, lakini ni bora mara nyingi kuliko kuzalisha kwa nyuzi 37.

Anza na jozi zote zinazowezekana, ambazo kwa vijenzi vinne ni sita, kisha utatu, kisha vyote vinne. Weka mkia wa histidini sita, asidi amino inayoshika nikeli, kwenye kijenzi kimoja tu katika kila jaribio na uache vingine bila mkia wowote. Pasua seli za mililita 50 tu za mchuzi wa kukuzia bakteria, zungusha kwenye sentrifuji, pitisha maji ya juu kwenye punje za nikeli, osha, toa, kisha endesha jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa. Kijenzi kisicho na mkia kikionekana kwenye jeli, kwa kuwa hakina kinachokishikiza kwenye nikeli, basi kimeletwa na mwenzake. Usisahau jaribio la kulinganishia ambalo halina kijenzi chenye mkia, kwa maana zipo protini zinazong'ang'ania nikeli zenyewe.

Katika kuisoma jeli hiyo, wanafunzi wengi hukata tamaa bila sababu. Rangi ya Coomassie hushika takriban kwa kadiri ya uzito wa protini, si kwa idadi ya molekuli. Ikiwa changamano lako lina kijenzi cha kilodaltoni 100 na kingine cha kilodaltoni 20 kwa uwiano wa moja kwa moja, mstari wa kile kidogo utakuwa hafifu mara tano hivi kuliko ule wa kikubwa, na hivyo ndivyo unavyopaswa kuwa. Gawanya ukolezi wa kila mstari kwa uzito wa protini yake kabla hujasema kwamba kijenzi fulani kimepungua. Ninayo jeli niliyokaribia kuitupa miaka mingi iliyopita kwa sababu ya mstari mmoja uliofifia, na baada ya hesabu hiyo fupi nikakuta kwamba uwiano ulikuwa sawa kabisa.

Kinachopungua kweli, kikiwapo, ndicho kinachotawala kazi yote. Seli haiwezi kutengeneza machangamano mengi kuliko idadi ya nakala za kijenzi kilicho haba kuliko vyote, na vingine vilivyozidi vitabaki vikizurura au kuganda. Kwa sababu hiyo, ukishajua kijenzi kilicho haba, kipe hicho ndicho mkia wa kusafishia. Hapo niliwahi kupotea njia mimi mwenyewe. Katika maabara moja niliyofanyia kazi nikiwa kijana, niliweka mkia kwenye kijenzi kilichozalishwa kwa wingi kwa sababu tu jeni yake ilikuwa tayari imo kwenye plasmidi yenye mkia, na kwa miezi minne nikawa ninavuna protini safi ya kupendeza ambayo karibu yote ilikuwa kijenzi hicho kikiwa kimeshikana na nakala yake chenyewe, huku changamano nililolitafuta likiwa kivimbe kidogo pembeni mwa mchoro wa kolamu. Nilipohamishia mkia kwa kijenzi kilicho haba, mavuno yalishuka hadi chini ya nusu, lakini yote yakawa changamano zima. Ukiweza, tumia mikia miwili ya aina tofauti kwenye vijenzi viwili tofauti, kwa mfano histidini kwa kimoja na Strep kwa kingine, na usafishe kwa mfuatano, kwa kuwa kinachopita malango yote mawili lazima kiwe na vijenzi vyote viwili. Acha pia mahali pa kukatia kwa kimeng'enya cha TEV ili mikia hiyo iondolewe mwishoni.

Usidhani kwamba bakteria ni kwa ajili ya vitu vidogo vya kujifunzia tu. Changamano la Ndc80, ambalo huunganisha kromosomu na nyuzi zinazozivuta wakati seli inapogawanyika, lina vijenzi vinne kama lako na ni fimbo nyembamba yenye urefu wa nanomita 57 hivi, umbo ambalo haliwezi kupangika kwenye fuwele kwa urahisi. Kundi la Andrea Musacchio nchini Italia lilikata sehemu kubwa ya fimbo hiyo ya katikati, likaunganisha vijenzi vyake vinne viwili viwili, kile kiitwacho Ndc80 na Spc25 kuwa mnyororo mmoja, na Nuf2 na Spc24 kuwa mwingine, likaizalisha minyororo hiyo miwili pamoja katika E. coli, na mwaka 2008 likachapisha umbo lake kwa uwazi wa angstromu 2.9 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita). Toleo hilo walilibatiza jina la bonsai, kama miti ya Wajapani iliyodumazwa kwa makusudi. Waliokoa kazi yao kwa kujua kipande kipi kinabeba jibu la swali lao, wakiwa na mwenyeji wa bei rahisi kuliko wote.

Ziko hata hivyo hali ambazo E. coli hana dawa yake. Hana protini mlezi iitwayo TRiC, ambayo aktini na protini nyingi zenye umbo la pangaboi la WD40 huihitaji ili zijikunje. Hapachiki fosfeti mahali ambapo seli zenye kiini hupachika. Protini zinazozidi kilodaltoni 100 humshinda mara kwa mara. Ikiwa baada ya jozi zote sita hakuna hata moja iliyoyeyuka, au kijenzi kimoja hakijitokezi katika mchanganyiko wowote, hapo msimamizi wako ana haki, na seli za wadudu ndizo hatua inayofuata.

Nikupe kisa kidogo kuhusu seli hizo. Zinaitwa Sf9, na herufi hizo mbili za mwanzo ni kifupi cha Spodoptera frugiperda, yaani kiwavijeshi vamizi yuleyule aliyeingia Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata akawa anatafuna mahindi ya wakulima wa Kenya na Tanzania. Ukoo wa seli zilizozaa Sf9 ulianzishwa Marekani katika miaka ya 1970 kutoka ovari za mdudu huyo akiwa katika hatua ya kujigeuza kuwa nondo. Huambukizwa bakulovirusi, kirusi cha wadudu ambacho siku za mwisho za maambukizi huilazimisha seli kutengeneza kiasi kikubwa mno cha protini moja, nasi tunaiondoa jeni ya protini hiyo na kuweka yetu chini ya promota yake.

Kwa changamano, swali ni kama kila jeni ibebwe na kirusi chake au zote ziwe kwenye kirusi kimoja, na hesabu yake ni rahisi. Ukimwaga virusi kwa wastani wa kimoja kwa kila seli, asilimia 63 hivi ya seli ndizo zitakazopata angalau kimoja, kwa kuwa nyingine zitapata viwili au vitatu na nyingine zitakosa. Ukiwa na aina nne za virusi kwa wastani huohuo, seli zitakazopata aina zote nne ni 0.63 ikizidishwa yenyewe mara nne, yaani asilimia 16 tu, na hizo nyingine zote zinazalisha vijenzi visivyo na wenzake, ukirudi palepale ulipoanzia. Ndiyo maana Imre Berger, Daniel Fitzgerald na Timothy Richmond, wakiwa Zurich, walitoa mwaka 2004 mfumo wa MultiBac, ambao hukusanya jeni nyingi kwenye jenomu moja ya bakulovirusi, na ambao kirusi chake kimeondolewa jeni za vimeng'enya vya proteazi na kitinasi vinavyoharakisha kuoza kwa seli na kuliwa kwa mavuno. Njia hizi ndizo zilizowezesha changamano la APC/C la binadamu, linalosimamia mgawanyiko wa seli, lenye aina 14 za vijenzi na jumla ya vijenzi 19, lizalishwe katika seli za wadudu na umbo lake kuonekana kwa kina katika maabara ya David Barford.

Ukifika huko, yako mambo matatu ya utunzaji ambayo hayasisitizwi vya kutosha. Seli hukua kwenye nyuzi 27 bila gesi ya kaboni dioksidi, na kwa mji wenu chumba chenyewe hupita joto hilo kwa miezi mingi, kwa hiyo inkubeta yenye kupoza ni ya lazima na si anasa. Kirusi kihifadhiwe kwenye nyuzi 4 gizani na kisizalishwe tena na tena, kwa maana kila kizazi hupunguza jeni zako. Kirusi kilichotupa mzigo huzaliana haraka kuliko kilichoubeba, na promota zilezile zilizorudiwa kwenye jenomu moja humrahisishia kazi ya kutupa. Mimi sivuki kizazi cha tatu. Mwisho, vuna kwa kutazama seli na si kwa kutazama kalenda: zikiambukizwa hukoma kugawanyika na kuvimba, na siku mbili au tatu baada ya kukoma huko ndipo pa kuchukulia sampuli ndogo ya kila siku kwa ajili ya jeli.

Wenyeji wengine nitawataja kwa ufupi tu. Hamira ni nzuri kwa protini za kiini. Mwaka 2015 kundi la John Diffley lilianzisha upya kazi ya kunakili DNA kwenye mrija kwa protini zilizosafishwa, nyingi zikiwa zimezalishwa katika hamira yenyewe. Seli za figo za binadamu za HEK293 zinafaa zaidi kwa protini za utando na zile zinazotolewa nje ya seli, ingawa kwa protini za nje za Plasmodium inabidi kubadili sehemu ambazo seli hizo zingepachika sukari ambayo kimelea hakipachiki. Kusafisha changamano kutoka kwenye kimelea chenyewe kunawezekana ikiwa lipo kwa wingi, kama ilivyofanyika kwa ribosomu yake mwaka 2014, lakini changamano la kiini lililo haba lingekuhitaji chupa nyingi za damu kuliko unavyoweza kupata.

Kuhusu kiasi, punguza hofu. Fuwele hudai miligramu kadhaa zilizokolezwa sana, lakini hadubini ya elektroni ya baridi kali hutumia takriban mikrolita tatu kwa kila kiwavu (wavu mdogo unaobeba sampuli) cha milimita tatu, na miligramu moja ya changamano safi ni nyingi kwa kuanzia. Kabla ya kugandisha chochote, tazama sampuli kwa rangi ya yuranili asetati kwenye hadubini ya kawaida ya elektroni, kwa mikrogramu 10 hadi 20 kwa mililita. Chembe zikiwa na ukubwa mmoja, endelea. Zikiwa mchanganyiko wa kubwa, ndogo na vipande, rudi kwenye kolamu. Huenda changamano lililo zima kwenye kolamu likavunjika kwenye kiwavu, kwa sababu katika utando mwembamba wa maji protini hugonga uso wa hewa mara nyingi kabla ya kuganda. Hapo jaribu kulifunga kwa glutaraldehidi kidogo ndani ya mteremko wa gliseroli, na uendeshe jeli ya kabla na ya baada ili ujue ulichokifunga ni nini.

Ikiwa vijenzi vitatu vitashikamana vizuri na cha nne kikaendelea kukataa katika bakteria na katika wadudu, usikae mwaka mzima ukikipigania. Chukua umbo la hivyo vitatu kwanza, tazama ni uso gani umebaki wazi bila mwenzake, na umtafutie huyo wa nne kipande kifupi cha asidi amino 30 au 40 kinachotabiriwa kukaa hapo. Kipande hicho kinaweza kuagizwa kikiwa kimeundwa kwa kemia na kuongezwa kwenye mrija, bila seli mwenyeji yoyote.